KITSHANGA KATI YA MONASTERI NA PARKI
Mahali pa kutembelea karibu nasi, na historia yake



Mwaka wa jubile ni mwaka wa kukumbuka. Tunawakumbuka waliotutangulia: aliyefundisha katekismu chini ya mti, aliyebeba mawe ya msingi, mama aliyewapikia mafundi. Kurasa hizi zinaomba kumbukumbu hiyo ipanuliwe kidogo, ivuke ukuta wa kanisa na kuitazama milima inayotuzunguka.

Mgeni akifika Kitshanga kwa sikukuu huuliza: «Hapa kwenu kuna nini cha kuona?» Mara nyingi tunamjibu: «Hakuna kitu, baba. Ni milima, ng'ombe na matope ya barabara.» Jibu hilo si la kweli. Si mbali na mji wetu kuna maziwa ya Mokoto na monasteri ya wamonaki. Upande wa mashariki kuna parki ya taifa iliyo ya kwanza kuanzishwa katika Afrika nzima. Upande wa magharibi, ukishuka kuelekea Walikale, unaingia katika msitu mkubwa ambao walimwengu wengi hutamani kuuona hata siku moja.

Lakini mtu anayemwonyesha mgeni nyumba ya baba yake sharti ajue pia jinsi ilivyojengwa, na nani aliumia ilipojengwa. Sehemu kubwa ya urithi huu ilichorewa mipaka na watu waliokaa mbali, na wazee wetu hawakuulizwa. Hata hivyo leo umebaki mikononi mwetu. Tutautunzaje urithi ambao hatukuuchagua? Hilo ndilo swali la safari yetu.

1. Maamuzi matatu yaliyotoka mbali

Mji wetu umekaa mahali ambapo usultani wa Bashali, katika teritware ya Masisi, unakutana na usultani wa Bwito, katika teritware ya Rutshuru. Kabla ya Wazungu, milima hii ilikuwa na misitu mingi kuliko leo. Watu walilima, walifuga na kuwinda, na ardhi iligawanywa na wenyeji kwa desturi yao. Kisha, katika muda wa miaka isiyozidi 15, Bula Matari alitoa maamuzi matatu yaliyoigeuza sura ya inchi.

La kwanza ni parki. Mwaka 1919 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alisafiri Marekani, akaona bonde la Yosemite lililohifadhiwa kwa ajili ya watu wote. Tarehe 21 Aprili 1925 alitia sahihi amri iliyoanzisha Parki ya Albert, ambayo tangu 1969 inaitwa Virunga. Mwanzoni ilikuwa eneo dogo la volkano, kwa ajili ya kulinda gorila. Mwaka 1929 na katika miaka iliyofuata ilipanuliwa mara kwa mara, hata ikafika Ziwa Edward na milima ya Ruwenzori. Leo ina karibu kilomita za mraba 7,800.

La pili ni mashamba makubwa. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, yaani Comité National du Kivu, iliyopewa uwezo juu ya ardhi nyingi za jimbo ili igawie walowezi. Ndipo yalipozaliwa mashamba ya kahawa, chai na pareto ambayo wazee wetu waliyafanyia kazi. Kwa amri ya Zairianisasio ya tarehe 30 Novemba 1973 mashamba hayo yalianza kupewa wenyeji wa inchi, lakini mara nyingi yaliangukia mikononi mwa wachache.

La tatu ni kuhamisha watu. Kuanzia mwaka 1937, na hata 1955, serikali ya Kibelgiji ilileta familia nyingi kutoka Rwanda na kuziweka katika eneo la Gishari na sehemu nyingine za Masisi, ili zilime, zifuge na kutoa nguvu za kazi. Misitu ilikatwa, malisho yakapatikana. Milima ya kijani ambayo wageni huifananisha na Uswisi haikuwa hivyo tangu kuumbwa: ilifanywa hivyo kwa jembe, kwa shoka na kwa kwato za ng'ombe.

Tuyaweke maamuzi haya pamoja, nasi tutafahamu jambo moja. Upande wa mashariki ardhi ilifungwa kwa ajili ya wanyama. Katikati ilitengwa kwa ajili ya walowezi. Upande wa magharibi ilijazwa watu wapya. Aliyekuwa hapa hakuulizwa, na aliyeletwa hapa hakuulizwa pia. Wote wawili walijikuta juu ya kilima kimoja chenye nafasi ndogo kuliko zamani. Mengi ya magomvi yaliyotuumiza baadaye yana mizizi katika ramani zile. Hatusemi hivyo ili kumwondolea mtu dhambi aliyoitenda kwa mkono wake. Twasema hivyo ili watoto wetu wasifikiri kwamba jirani yao alizaliwa adui.

2. Mokoto: nyumba ya wageni

Safari ya kwanza ni fupi. Maziwa manne ya Mokoto yamelala kati ya vilima, na asubuhi ukungu huyafunika hata mtu asijue maji yanaishia wapi. Juu ya maji hayo, mwaka 1954, Watrapisti kutoka abasia ya Scourmont, karibu na Chimay katika Ubelgiji, walianzisha monasteri ya Bikira Maria wa Mokoto. Abasia mama yenyewe ilianzishwa mwaka 1850. Watrapisti wanafuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto: sala, kimya na kazi ya mikono. Baada ya muda vijana wa Afrika waliingia, na nyumba iliyoanzishwa na Wazungu ikawa nyumba ya wana wa inchi.

Kanuni hiyo ina amri moja ambayo kila mtu anayetembelea Mokoto inafaa aijue: mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Amri hiyo ilijaribiwa kwa moto katika mwaka 1996. Vita vya vijijini vilipopamba, mamia ya watu waliokosa pa kukimbilia waliingia monasterini. Tarehe 12 Mei 1996 walishambuliwa humo humo, na wengi wakauawa. Wamonaki nao walilazimika kuondoka, na nyumba yao ikaporwa. Jumuiya iliishi ukimbizini, sehemu yake Goma, na miaka ilipopita wamonaki wakarudi tena Mokoto.

Anayekwenda Mokoto, basi, asitafute majengo ya fahari. Atembee polepole kando ya maji, aingie kanisani, akae kimya. Mahali pengine hutembelewa kwa sababu ya uzuri wake tu. Hapa uzuri na maumivu vimekaa pamoja, na si vema kumwonyesha mgeni kimoja na kumficha kingine. Ukuta ambao watu walikimbilia wakiamini utawaokoa unatuuliza sisi tuliobaki: kwa nini haukutosha? Haukutosha kwa sababu ukuta haumlindi mtu ikiwa jirani zake hawataki aishi.

3. Tongo: sokwe wanaochimba maji

Upande wa mashariki, katika Bwito, kuna Tongo. Hapo parki ya Virunga inafikia vijiji. Msitu wa Tongo umeota juu ya mawe ya volkano ya Nyamulagira, na lava ngumu imeuzunguka kama ukuta. Ndani yake wanaishi sokwe mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walianza kuwazoeza kuonana na watu, kisha wageni wakaanza kuja kuwatazama.

Sokwe wa Tongo wana ufundi wao. Mvua ikinyesha juu ya lava, maji huzama mara moja. Hakuna kijito wala dimbwi. Juu ya hiyo, wakati wa kiangazi, sokwe hao huchimba mizizi minene ya mmea fulani na kuitafuna ili wapate maji yake. Mama zetu wanaotembea saa nzima na bidoni mgongoni watafahamu vizuri taabu hiyo. Mnyama na binadamu wameishi juu ya jiwe moja, wakitafuta kitu kile kile.

Lakini Tongo ni pia mahali pa makala. Goma ni mji mkubwa, na vyungu vyake vingi huchemka kwa makala yaliyotoka katika miti ya parki. Anayekata mti si mwovu kila mara: mara nyingi ni baba asiye na shamba, mwenye watoto wa kusomesha. Hata hivyo msitu ukiisha, baba huyo atakosa shamba na kuni pia. Ndiyo maana miti tunayoipanda katika viwanja vyetu ni ulinzi wa Tongo, hata kama yule anayeipanda hajawahi kumwona sokwe.

4. Lulenga, Mikeno na Rumangabo

Tukivuka hata barabara ya Rutshuru, tunafika chini ya volkano za mashariki. Huko, mwaka 1921, Mmarekani Carl Akeley alipita katika misioni ya Mapadri Weupe ya Lulenga akielekea mlima Mikeno. Alikuwa ametumwa na jumba la makumbusho la New York kuwinda gorila ili ngozi zao ziwekwe katika maonyesho. Gorila watano walipatikana. Lakini alipowatazama kwa karibu, moyo wake uligeuka: alirudi kwao na kuanza kuwasihi wakubwa wa Marekani na Ubelgiji wawakingie wanyama hao mahali pa amani. Sauti yake ni mojawapo ya zile zilizosababisha amri ya mwaka 1925.

Akeley alirudi mwaka 1926 ili kuujifunza mlima vizuri zaidi. Tarehe 17 Novemba mwaka huo alikufa kwa ugonjwa, akazikwa Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi. Mahali hapo hapo, mwaka 1959 na 1960, George Schaller aliwachunguza gorila bila bunduki, na mwaka 1967 Dian Fossey alianza kazi yake kabla ya kuhamia Rwanda. Gorila wa mlima walihofiwa kutoweka. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilionyesha kwamba katika volkano za Virunga peke yake, pande za inchi zote tatu, walikuwa 604.

Makao makuu ya parki yako Rumangabo, katika majengo ya enzi za Wabelgiji chini ya miti mirefu. Humo kuna pia nyumba ya gorila yatima. Mmoja wao, Ndakasi, aliokotwa mwaka 2007 akiwa na umri wa miezi 2, baada ya mama yake kuuawa. Alikufa Septemba 2021, akiwa amelala mikononi mwa mlinzi aliyemlea tangu utoto.

Hatuwezi kusema Rumangabo bila kuwataja walinzi. Tangu parki ianzishwe, zaidi ya 200 wamekufa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020 peke yake, karibu na Rumangabo, waliuawa walinzi 12, dereva mmoja na raia 4. Wengi wa walinzi wa parki ni vijana wa Kivu hii hii, wana wa mama zetu. Parki iliyoanzishwa kwa kalamu ya mfalme imekuja kulipwa kwa damu ya watoto wa wakulima. Hiyo ni sababu moja ya kusema kwamba sasa ni yetu.

5. Rwindi na Ishango

Kaskazini mwa Rutshuru milima inashuka, na uwanda mpana unafunguka: ndio Rwindi. Wazee waliopita huko kwa lori katika miaka ya 1970 hueleza jinsi hoteli ya Rwindi ilivyojaa watalii, na jinsi gari lilivyosimama kuwapisha tembo. Viboko wa parki wakati ule walihesabiwa kuwa zaidi ya 20,000. Vita vilipoanza, askari na wawindaji waliwaua kwa ajili ya nyama na meno, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamebaki sehemu ndogo tu ya idadi ile. Wavuvi wa Ziwa Edward walikuwa wa kwanza kuihisi hasara hiyo, kwa kuwa samadi ya kiboko hulisha maji, na maji hulisha samaki. Aliyemla kiboko alikuwa anamla samaki wa kesho.

Katika pwani ya kaskazini ya ziwa hilo, pale mto Semliki unapoanzia, ni Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapo mfupa mdogo wenye alama nyingi zilizokatwa kwa mpangilio. Wataalamu wanaukadiria kuwa na umri wa miaka karibu 20,000, na wengi wao wanaona kwamba alama zile ni za kuhesabu. Leo mfupa umewekwa katika jumba la makumbusho la Brussels. Mtoto wa shule wa Kitshanga anayelia kwa sababu ya hesabu aambiwe habari hii: watu wa inchi yake walikuwa wakihesabu kabla ya piramidi kujengwa.

UNESCO iliiandika Virunga katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, na tangu 1994 iko katika orodha ya urithi ulio hatarini.

6. Kuelekea Walikale

Safari ya mwisho inashuka magharibi kwa njia ya Mweso na Pinga. Malisho yanaisha, na pori kubwa linaanza. Parki mbili zinaingia katika teritware ya Walikale, na zote mbili zilianzishwa mwaka 1970: Maiko upande wa kaskazini, na Kahuzi-Biega upande wa kusini. Humo wanaishi gorila wa uwanda wa mashariki, ambao hawapatikani katika inchi nyingine yoyote ila Kongo. Katika miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17,000; makadirio ya mwaka 2021 yalitaja karibu 6,800.

Kahuzi-Biega ilianza na hekta 60,000 za mlimani. Mwaka 1975 ilipanuliwa mara 10, hata ikashika misitu ya chini yenye vijiji vya watu, na wenye vijiji walisikia habari baada ya jambo kwisha. Ukoloni ulikuwa umekwisha, lakini ginsi ya kuchora mipaka ilikuwa ile ile. Magomvi ya mipaka hiyo hayajaisha.

Lakini kuna njia nyingine, nayo ilionyeshwa na watu wa jimbo letu wenyewe. Kati ya Lubero na Walikale, mwaka 1998, wakati wa vita, wami na wananchi wa eneo la Tayna walikubaliana kutenga msitu wao kwa ajili ya gorila. Walikaa pamoja wakaamua wapi patalimwa na wapi hapataguswa. Mwaka 2006 serikali iliitambua hifadhi hiyo rasmi. Kisha, mwaka 2014, amri ya serikali ilifungua mlango kwa jumuiya za wenyeji kupewa msitu wao kisheria na kuusimamia.

Tuilinganishe Tayna na parki ya mwaka 1925. Zote zina mipaka na wanyama. Tofauti ni kwamba ya kwanza ilianza kwa kuwaambia watu: «Tokeni», na ya pili ilianza kwa kuwauliza: «Mnaonaje?» Mpaka ambao mtu ameuchora pamoja na jirani yake, atakuwa mlinzi wake hata usiku.

7. Kinachobaki mikononi mwetu

Msomaji anaweza kusema: «Mwatuonyesha mahali pa kutembelea, na sisi tunatembea kwa kukimbia tu.» Ni kweli. Mwaka 2013 mapigano yaliteketeza sehemu kubwa ya mji wetu. Januari 2023 vita vilifika tena Kitshanga, na maelfu wakabeba mikeka yao. Juu ya hiyo, mtu asifunge safari ya Tongo, ya Rwindi wala ya Pinga bila kuuliza kwanza habari za usalama kwa wale wanaozijua njia.

Lakini urithi hautunzwi kwa miguu peke yake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka Goma na kuizika kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Jengo lilikwisha, jimbo halikufa, kwa sababu waamini waliendelea kukusanyika. Basi tufanye mambo matatu yasiyongoja vita viishe. Wazee waulizwe, na maneno yao yaandikwe: nani alikaa wapi kabla ya parki, nani alifika mwaka gani, mto ule uliitwaje. Picha na daftari za zamani zinakiliwe mara mbili na kuwekwa mahali pawili, maana nyumba ikiungua, daftari lililo ndani huungua nayo. Na kila familia ipande miti yake ya kuni, ili mti wa Tongo ubaki umesimama.

Na siku moja mgeni akituuliza tena kuna nini cha kuona, tusimjibu kwamba hakuna kitu. Tumpeleke Mokoto, tumweleze yote bila kuficha, tumwonyeshe volkano zikiwaka usiku kwa mbali. Kisha tumwambie: mipaka hii walituchorea wengine; kazi ya kuishi ndani yake kama majirani ni yetu, nasi tumekwisha kuianza.